Usipige hema kabla ya kupiga hodi

Likizo ya shule inapowadia, ni swali lipi huzuka mezani pako? Kwangu ni lile lile kila mwaka: "Baba, mwaka huu tutaenda wapi?" Ukijibu kwamba mtaenda mashambani kumwona nyanya, nyuso hukunjamana. Ukitaja Mombasa, mfuko ndio unaokunjamana.

Agosti 2023 nilidhani nimepata jawabu. Niliazima mahema mawili kutoka kwa rafiki, nikawatangazia jamaa zangu kwamba tungesafiri kwa gari letu dogo hadi Ogembo, katika Kaunti ya Kisii, tulale nje, tupike nje na kupanda milima kwa miguu. Watoto walishangilia hadi jirani wa ghorofa ya chini akagonga dari. Mama watoto alinitazama kwa jicho la pembeni. Alijua siri ambayo wewe pia ni lazima uijue ndipo uelewe yaliyofuata: mimi ni mwanamume wa miaka 38, nina mke na watoto watatu, na sijajenga nyumbani.

Kibanda changu cha ujana, esaiga kama kinavyoitwa kwa Ekegusii, kiliangushwa na mvua zamani. Na kwa Wagusii, mwanamume aliyepashwa tohara halali tena katika nyumba ya mamake. Hiyo ni mojawapo ya kanuni za chinsoni, yaani heshima na haya zinazotakiwa baina ya wazazi na watoto wao, na baina ya wakwe. Basi kila tulipokwenda tulishinda kwa mama mchana, kisha jioni tukateremka kulala katika gesti mjini Kisii. Kila mara mama alituaga kwa swali moja: "Kwani ninyi ni wageni?"

Hema, nilijiambia, litakata mzizi wa fitina. Tutalala nyumbani bila kulala nyumbani.

Njiani

Tuliondoka Nairobi alfajiri. Safari ni ya zaidi ya kilomita 300 kupitia Mai Mahiu, Narok, Bomet, Sotik na Keroka. Ukiwa na watoto usiharakishe. Wape kazi. Wetu waliambiwa waandike kila zao waliloliona barabarani, na daftari likawa somo tosha la jiografia: ngano katika tambarare za Narok, majani chai ukikaribia Sotik, kisha migomba isiyo na hesabu ukishaingia Gusii. Baada ya Keroka barabara husahau kunyooka. Hupanda, ikashuka, ikapinda, na kila ukidhani umefika kilele, kilima kingine hukuchungulia mbele.

Hapa ni lazima nikutoe ndoto, msomaji, kama nilivyotolewa mimi. Ikiwa picha uliyo nayo ya kupiga kambi milimani ni ile ya sinema, ya pori lisilo na mtu, Gusii hutaipata. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu milioni 1.2 katika Kaunti ya Kisii pekee, na kila kilomita mraba ina watu zaidi ya 900. Milima ni mirefu, mingine ikipita mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, lakini imelimwa hadi utosini. Utapanda saa nzima ukihema, ufike kileleni ukidhani umeuacha ulimwengu, kumbe kuna mama anapalilia mahindi na mtoto anafunga mbuzi. Hakuna kilima kisicho na mwenyewe. Jambo hilo nililijua tangu utotoni, ila miaka ya mjini ilikuwa imenisahaulisha, na nusura linigharimu.

Nyumba ya kitambaa

Ogembo, uliokuwa mji mkuu wa iliyokuwa Wilaya ya Gucha, umekaa mtelemkoni karibu na Mto Gucha. Kwetu ni juu ya mji, mwendo wa barabara ya udongo mwekundu ambayo mvua ikinyesha huwa telezi kama sabuni. Tulifika jua likiwa bado juu. Nikafungua buti la gari, nikatoa hema la kwanza na kuanza kulisimamisha nyuma ya jikoni, mahali pa faragha.

Mama alikuja polepole na fimbo yake. Alilizunguka hema mara mbili kama anayekagua ng'ombe sokoni. Akashika kitambaa kwa vidole viwili.

"Hii ndiyo nyumba?"

"Ndiyo, mama. Ni ya muda."

"Nyumba ya mwanangu haijengwi nyuma ya jikoni," akasema. "Ng'oa."

Alinionyesha kwa fimbo mahali pa kulisimamisha: upande ule wa boma ambako esaiga yangu ilikuwa, mbele kabisa, ambapo kila apitaye njiani angeona. Kisha akauliza binti yetu mkubwa, wa miaka 15, angelala wapi. Nilipojibu kwamba mahema ni mawili, alitikisa kichwa. Binti aliyekwisha kukua hawezi kulala ubavuni mwa baba yake na ukuta wao ukawa kitambaa. Angelala ndani na nyanya yake. Binti alininong'onezea kwa Kiingereza kwamba hakusafiri kilomita 300 kuja kulala kitandani. Nikamwambia hapo hakuna rufaa.

Majirani walikuja kutazama. Wengine walicheka, na sikuwalaumu. Hata hivyo mzee mmoja wa rika la marehemu baba aliketi kwenye jiwe, akawaambia watoto jambo ambalo sikuwa nimewahi kuwasimulia. Alisema Wagusii walipiga kambi kabla mahema hayajaletwa. Vijana ambao hawajaoa waliishi mbali na maboma, katika kambi za ng'ombe zilizoitwa ebisarate, wakilinda mifugo ya ukoo dhidi ya wavamizi na wanyama. Huko ndiko walikojifunza kutumia mkuki, kuvumilia baridi na kutii wakubwa. Serikali ya kikoloni ilizivunja kambi hizo, kwa kuwa haikupenda kuona vijana wenye silaha wamekusanyika.

"Kwa hiyo hamjaleta kitu kipya," akamalizia. "Mmekirudisha tu."

Mwanangu wa kiume, mwenye umri wa miaka 11, alilala usiku ule akijiona mlinzi wa ng'ombe. Ng'ombe wenyewe alikuwa mmoja, tena wa maziwa, na alikuwa zizini.

Taa kilimani

Kesho yake tulishuka hadi Gucha. Mto huu huanzia katika nyanda za juu za Gusii, hukutana na Mto Migori na kumwaga maji yake katika Ziwa Victoria. Walio chini huuita Kuja. Watoto waliosha viatu vyao hapo wakashangaa maji yalivyo ya rangi ya chai ya maziwa. Ni udongo wa mashamba yetu unaosafiri. Mama aliwaonyesha pia bondeni palipokuwa na chemchemi alipokuwa bibi harusi. Leo ni mikaratusi mitupu. Mti huo huleta pesa za haraka, lakini hunywa maji kama mlevi wa kulipiwa.

Siku ya tatu nikafanya kosa. Nilitaka watoto walale kileleni, waone nyota. Nilimpigia simu mwenye shamba la juu ya kilima kilicho nyuma yetu, ambaye huishi mjini kama mimi, naye akanikubalia mara moja. Sikuwaambia majirani zake. Sikumwarifu naibu wa chifu wala mzee wa Nyumba Kumi. Niliona ruhusa ya mwenye shamba yatosha. Safari hii mama alimruhusu binti mkubwa, kwa sharti kwamba alale katika hema la pili na mdogo wake wa miaka sita, na hema hilo liwe mbali na letu.

Kitu kama saa saba za usiku, kitinda mimba alitaka kujisaidia. Mama yake alimpeleka kichakani, nami nikawamulikia kwa tochi nikizunguka huku na kule kutafuta mahali pasipo na upupu. Nilikuwa nimevaa blanketi kichwani kwa sababu ya baridi.

Hebu jiweke, msomaji, katika nafasi ya mtu aliyeamka bondeni wakati ule, akatazama juu. Anaona mwanga unazunguka kilimani mahali ambapo hakuna nyumba, na kivuli kisicho na kichwa kinaufuata. Katika nchi ambayo hofu ya uchawi haijaisha, hilo si jambo la mzaha. Oktoba 2021, akina mama wazee wanne waliuawa huko Marani, katika kaunti hii hii, wakisingiziwa uchawi. Mei 2008 watu 11 walichomwa moto hadi kufa Kisii kwa madai kama hayo. Hawakuwa wamefanya kosa lolote. Walishukiwa tu.

Tulisikia filimbi kwanza, kisha mbwa. Tochi zikaanza kupanda kilima kutoka pande mbili. Walipokaribia niliona pia fimbo na mapanga. Nilipiga kelele kwa Kiswahili kwamba sisi ni watu wazuri, kauli ambayo hata mimi niliiona haina maana ikishatoka mdomoni. Sauti moja iliuliza kwa Ekegusii sisi ni akina nani. Wala usinicheke: ulimi wangu uliganda. Lugha ya mama yangu ilinitoroka nikiihitaji kuliko siku zote.

Aliyejibu ni binti. Alitoka hemani na nywele zake zimetimka, akasema "Bwairire", salamu ya jioni ambayo nyanya yake alikuwa amemfundisha kitandani usiku wa kwanza. Kisha akajitambulisha kwa Ekegusii kilichovunjika vipande vipande, akataja jina la nyanya yake, la marehemu babu yake, na la ukoo wetu, mmoja baada ya mwingine, kama mtoto anayekariri somo.

Kimya kikatanda. Halafu mtu mmoja akacheka, na kicheko kikaenea mtelemkoni kama moto wa nyasi. "Kumbe ni wa nyumba ya kitambaa!" Waliosimama na mapanga ndio waliotusaidia kukunja mahema na kuwabeba watoto hadi chini. Mzee wa Nyumba Kumi alinishika mkono, akaniambia kwa upole maneno ambayo sijayasahau: "Kijana, huku hatuogopi mgeni. Tunaogopa mtu asiyepiga hodi."

Asubuhi niliwazungukia wote, nyumba kwa nyumba, nikiwa na binti. Mimi niliomba radhi na yeye akasalimia. Tuliondoka na mikungu miwili ya ndizi na kuku mmoja.

Radi juu ya Manga

Ukiwa Gusii usikose kuuona ukuta wa mwamba wa Manga, kaskazini mwa mji wa Kisii, upande wa Kaunti ya Nyamira. Ni genge refu ambalo juu yake unauona mji umelala chini kama bakuli, na hali ya hewa ikiwa shwari, mng'ao wa Ziwa Victoria kwa mbali. Tafuta kijana wa hapo akuongoze, mlipe kwa haki, na mshike mtoto mkono karibu na ukingo, kwani hakuna ua.

Nchi hii ya Abagetutu ni mahali pazuri pa kuwasimulia watoto historia. Januari 1908, kijana Otenyo Nyamaterere, akichochewa na mwaguzi Moraa, alimchoma mkuki afisa wa Kiingereza Geoffrey Northcote. Northcote alipona. Wagusii ndio waliolipa, kwa maana majeshi yalitumwa, nyumba zikachomwa na ng'ombe wakaswagwa. Mwanangu aliuliza kwa nini hakufundishwa hayo shuleni. Nikamjibu kwamba ndiyo sababu tulipanda.

Lakini hatukufika mwisho. Saa nane mchana mawingu yalianza kurundikana upande wa ziwa. Kijana wetu alisimama, akasikiliza, akasema: "Turudi." Mvulana alilia, kwa kuwa ilibaki kama nusu saa tu. Nami nilishawishika. Mama watoto ndiye aliyegeuka bila kusema neno, tukamfuata. Tulikuwa tumefunga milango ya gari ngurumo ya kwanza ilipopasuka, kisha mvua ya mawe ikaanza kupiga bati.

Kisii ni miongoni mwa sehemu za nchi hii zinazopigwa sana na radi, na huua watu na mifugo. Aghalabu dhoruba huja alasiri, hewa yenye unyevu kutoka ziwani inapokutana na milima. Kwa hiyo panda mapema na uwe umeshuka kabla ya saa nane. Ukisikia ngurumo, usijikinge chini ya mti wala ndani ya hema, kwani hema halizuii radi. Ingia katika gari au nyumba imara, na ungoje nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho.

Tabaka hadi Lambwe

Tulimalizia kwa siku tatu zaidi. Huko Tabaka, si mbali na Ogembo, watoto waliona jiwe laini la Kisii likichimbwa kwa sururu na kuchongwa kwa panga na kisu, kisha akina mama wakilisugua kwa msasa na maji hadi ling'ae. Huko ndiko anakotoka mchongaji Elkana Ong'esa, ambaye sanamu yake imesimama katika makao makuu ya UNESCO mjini Paris. Msisogelee kingo za machimbo, maana hubomoka.

Ikiwa bado watoto wanadai pori la kweli, pitieni Rongo hadi Homa Bay, kisha Mbuga ya Kitaifa ya Ruma katika Bonde la Lambwe. Mbuga hii ya kilomita mraba 120 ndiyo makao ya mwisho nchini ya korongo, swala mkubwa ambaye idadi yake imepungua mno. Kuna viwanja rasmi vya kupigia kambi humo, na malipo ya kuingia si kwa pesa taslimu. Msivae nguo za buluu wala nyeusi, kwani rangi hizo huwavuta mbung'o.

Kabla hujaondoka

Nawe ukitaka kuwapeleka wanao milimani, shika haya. Omba ruhusa ya mwenye shamba, kisha uwaarifu majirani, mzee wa Nyumba Kumi na naibu wa chifu, tena kabla ya giza. Beba mahema ya kutosha kulingana na heshima za kwenu. Kila mtu awe na koti la mvua, viatu vya kushika udongo na tochi yake. Chemsheni maji ya kunywa. Usishushe gari dogo barabara ya udongo mvua ikinyesha. Liache juu, mtembee. Takataka zenu rudini nazo mjini. Na wafundishe watoto salamu za wenyeji kabla ya safari. Hazina uzito mkobani.

Asubuhi ya kuondoka, tuliporudi Ogembo kumuaga mama, nilianza kuling'oa hema lililokuwa limebaki mbele ya boma. Alinitazama nikikunja kitambaa, nikikunja kamba. Nilipoinama kung'oa vigingi, aliweka fimbo yake juu ya cha kwanza.

"Hivyo acha," akasema. "Fundi atajua pembe ziko wapi."

Rafiki yangu mwenye mahema bado anadai vigingi vyake vinne. Nimemwambia vina kazi. Desemba ile ile nilipeleka gari la kwanza la mawe.